Gesi Haijaisha

Mafundi wa friji wana jibu moja. Waambie friji inalia, friji inavuja, friji inagandisha sukuma wiki na kuacha nyama ikilegea, friji imenyamaza kabisa. Watainama nyuma yake, wataigusa kompresa kwa kiganja kama daktari anayepima homa, watainuka wakijipangusa magoti na kusema: "Gas imeisha."

Sasa, mtungi wa jikoni huisha. Unapika, gesi inaungua, unatuma mtoto dukani na mtungi mtupu. Lakini friji haiunguzi kitu. Gesi yake imefungiwa ndani ya mabomba na kazi yake ni kuzunguka: inabanwa, inaachiliwa, inabanwa tena. Ile iliyotiwa kiwandani inaweza kuzunguka miaka ishirini bila kupungua. Ikipungua, kuna tundu mahali. Na kama kuna tundu, kujaza bila kuziba ni kuteka maji kwa pakacha.

Nayajua haya kwa sababu kati ya Septemba na Novemba mwaka uliopita mama yangu alilipia gesi mara mbili, shilingi 6,500 kila mara, na gesi ilikuwepo muda wote.

Mama anakaa Mumbuni, mwendo wa bodaboda kutoka mjini Machakos, na anafuga broila. Kama hujawahi kufuga broila, jua kwamba hiyo ni biashara ya kalenda. Kifaranga wa siku moja anaingia leo, na baada ya wiki tano au sita anatakiwa awe tayari kwa sufuria. Akishapita hapo anaendelea kula kwa hamu ileile, ila nyama anayoongeza hailipi tena chakula anachokula. Kuku mia moja wa umri huo humaliza gunia la kilo 50 chini ya siku tatu. Broka anajua hesabu hiyo kuliko wewe. Anakuja siku ya 38 na bei yake, unakataa. Anarudi siku ya 42 na bei ya chini zaidi, mtulivu, anaongea kuhusu mvua, kwa sababu gunia lako ndilo linalompigia debe.

Friza ndiyo inayovunja mchezo huo. Ukiwa na friza, unachinja siku unayotaka wewe na kuuza siku unayotaka wewe. Kwa Mama tofauti ilikuwa hivi: broka alikuwa akitoa shilingi 310 kwa kuku mzima, na Mama akiuza mwenyewe, aliyechinjwa na kusafishwa, alipata 450 kwa kilo. Desemba ndiyo mwezi wenyewe. Nairobi nzima inateremka Mombasa Road, inapinda pale Kyumbi, inaingia Machakos ikiwa na njaa na pesa za mwisho wa mwaka. Mwenye kuku kwenye barafu tarehe 23 Desemba hana haja ya kubembeleza mtu.

Kwa hivyo zamu yake ya chama ilipofika, mwaka wa 2021, hakununua tangi la maji kama wenzake walivyotarajia. Alinunua friza ya kusimama, mtumba wa Uingereza, wa lita 280. Wengi humwambia angenunua ile ya kulala, ya kufungulia juu, maana baridi ni nzito na hukaa chini kama maji ndani ya beseni, ilhali ya kusimama ukifungua mlango baridi inamwagika miguuni. Ni kweli. Lakini Mama ana mgongo, na ya kulala inakutaka uiname mpaka kichwa kiingie ndani kumtafuta kuku aliye chini kabisa. Alichagua mgongo wake. Na mlangoni palikuwa na maneno mawili yaliyompendeza: Frost Free.

"Si waliandika haina barafu?" ndilo swali aliloniuliza kwa simu mwezi wa tisa, siku aliyoona ukuta wa ndani wa friza umeanza kuota mvi.

Hapa jina linadanganya kidogo. Hakuna friza isiyotengeneza barafu. Kila unapofungua mlango, hewa ya nje inaingia na mvuke wake, na mvuke ukiingia mahali pa baridi hutafuta kile kitu cha baridi kuliko vyote ukaganda hapo. Kwenye friza za zamani kitu hicho ni kuta zenyewe, ndiyo maana barafu inakua mbele ya macho yako hadi siku unaamua kuizima na kutandika matambara sakafuni. Kwenye aina ya Mama, koili ya baridi imefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki, na kuna feni ndogo inayopuliza hewa kuipitia na kuisambaza kwa kuku. Barafu inaota huko nyuma, kwenye koili, usikoiona. Kisha, kila baada ya saa nane hadi kumi na mbili hivi, taima inasimamisha kompresa na feni, inawasha hita iliyo chini ya koili, na kwa dakika ishirini au thelathini barafu inayeyuka. Maji yanadondoka kwenye mfereji, yanapita kwenye kimrija, yanaishia kwenye trei iliyo juu ya kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Wewe uko sebuleni unatazama habari. Hujui lolote.

Yaani friza isiyo na barafu ni friza inayotengeneza barafu kila siku na kuifuta kabla hujaiona.

Ufutaji ukikoma, mambo huenda polepole halafu kwa ghafla. Wiki ya kwanza barafu inajaza nafasi za katikati ya mapezi ya koili. Hewa inapita kwa shida. Na barafu, ajabu yake, ni blanketi. Ikishakuwa nene inazuia baridi ya koili isitoke, hivyo kadiri barafu inavyozidi ndivyo friza inavyopoteza baridi. Feni inaanza kukwaruza, krrr, krrr, kwa sababu barafu imefika kwenye mabapa yake. Kompresa haipumziki tena, maana themostati inaendelea kuiambia bado, bado, bado. Tokeni za stima zilizokuwa zikitosha mwezi zinakatika tarehe 19. Halafu asubuhi moja unamgusa kuku wa rafu ya juu na kidole kinazama.

Novemba ni mbaya zaidi kwa sababu ndiyo mvua zenyewe huku Ukambani. Hewa ina maji. Kila kufungua mlango ni kumimina kikombe kingine cha mvuke ndani.

Fundi wa kwanza alikuja Septemba na wasifu mzuri kutoka kwa mama mmoja wa kanisa. Aliigusa kompresa, akasema anachosema. Aliichukua friza kwa mkokoteni hadi karakana yake, ikakaa siku mbili, ikarudi, ikawashwa, ikagandisha kama mpya. Mama akalipa 6,500 na soda juu. Ikafanya kazi siku kumi na moja.

Wa pili alikuja Oktoba. Huyu angalau alifungua mlango na kutazama ndani, akaona barafu, akaitisha bisibisi ili aibandue. Mama alimshika mkono. Hakujua sababu, aliona tu si sawa kumdunga mtu ukutani. Na ni vizuri alimshika, maana nyuma ya plastiki ile mabomba ni ya alumini laini, na bisibisi ikitoboa hapo, basi ndio gesi itaisha kweli. Tena gesi ya friza hiyo, kama kibandiko cha nyuma kinavyosema, ni R600a, yaani isobutane, ndugu wa karibu wa ile ya jikoni, inayowaka. Kibandiko kinasema pia kiasi chake: gramu 58. Nilipiga hesabu nikiwa kwa matatu. Mtungi mdogo wa jikoni, ule wa kilo 6, una uzito wa gesi wa kutosha friza mia moja za Mama. Sisemi jaza friza na gesi ya kupikia, tafadhali. Nasema tu gramu 58 kwa shilingi 6,500, mara mbili.

Huyo wa pili naye akasema gesi. Akaizima, akaiacha mlango wazi usiku kucha "ipumue", akarudi kesho yake na mtungi, akajaza, akalipwa. Siku tisa.

Mimi si fundi. Nilisomea uhasibu na naishi Nairobi, Pipeline, kwenye nyumba ambayo hata friji haina. Nilichonacho ni mazoea ya kusoma daftari za watu. Mama naye ana daftari. Ni la kurasa 96, la shule, na tangu aanze kuku anaandika kila kitu humo: magunia, vifo, dawa, nani ana deni la kuku wangapi. Nilipofika nyumbani wikendi ya pili ya Novemba, kuku 97 wakiwa siku ya 36 na broka ameshapiga simu mara mbili, alilitoa na kulitupa mezani mbele yangu.

"Mwaitu," aliniambia. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Nimewaambia hawa mafundi mara ngapi. Hii friji hupona stima ikipotea."

Alikuwa amewaambia wote wawili. Wa kwanza alicheka akamwambia, Mum, stima ikipotea ndiyo inaharibu friji, haiwezi kutengeneza. Mtu ana miaka ishirini kwa kazi, wewe una daftari la shule. Utabishana?

Nikasoma. Ukichuja magunia na madeni, mambo ya friza yalikuwa yameandikwa hivi, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa kusukuma kwa nguvu: *Stima imeenda Jumanne asubuhi. Nimepeleka kuku kwa bucha. Friji nimeacha wazi isinuke. Stima imerudi Jumatano usiku. Maji mabakuli mawili. Friji iko sawa kabisa.* Siku nane baadaye: *Feni inalia.* Siku mbili baadaye: *Kuku wa juu wamelainika.* Kisha fundi, gesi, 6,500. Siku kumi na moja. *Feni inalia.* Stima tena, siku nzima. *Maji mabakuli mawili na nusu.* Wiki moja nzuri. *Feni.*

Bucha anayetajwa hapo ni jirani mwenye jenereta. Stima ikichelewa kurudi, Mama huhamishia kuku kwake. Angeweza kuwaacha, kwa kweli. Friza iliyojaa pomoni, mlango usipofunguliwa, hushika baridi karibu siku mbili, na iliyojaa nusu hushika siku moja. Lakini Mama haamini baridi asiyoisikia ikinguruma.

Nikaangalia yale mabakuli mawili ya maji. Friza ilikuwa tupu, imefutwa, kuku wako kwa bucha. Maji mabakuli mawili yalitoka wapi? Na kitu gani kilifanana kati ya stima kupotea, karakana ya fundi wa kwanza na "kupumua" kwa fundi wa pili? Mara zote tatu friza ilizimwa na kuachwa wazi kwa siku moja au zaidi. Mara zote tatu ilipona. Mara zote tatu iliugua tena baada ya wiki moja au moja na nusu. Gesi ilikuwa imeingia mara mbili tu. Kilichokuwa kikiiponya ni kuyeyuka, na gesi ilikuwa abiria tu kwenye gari hilo.

Nadhani mafundi wale hawakuwa matapeli, angalau si wote wawili. Waliona friza imelemewa, wakajaza gesi, friza ikapona, wakaenda nyumbani. Ukiona dawa yako inaponya kila mara, utaachaje kuiamini? Siku ya kumi na moja haikuwapata hapo jikoni. Ilimpata Mama.

Kuna kisa kimoja kinachopendwa sana na walimu wa fizikia Afrika Mashariki, na kila nikikisikia namfikiria mtu mwingine badala ya yule wanayemsifu. Mwaka wa 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, unaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza zilikuwa chache. Mpemba akaona atachelewa, akaingiza yake yakiwa moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeingiza yake bila kuyachemsha. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kutembelea shule. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, akaenda kujaribu, na mwaka wa 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo lenyewe hutokea kila mara na kwa nini, na mojawapo ya maelezo yanayotolewa ni hili la blanketi: chombo cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake, kikakaa moja kwa moja juu ya chuma baridi, ilhali chombo cha baridi kimekalia barafu inayokizuia kupoa.

Mtu ninayemfikiria mimi ni mwuza aiskrimu wa Tanga. Mpemba alimuuliza, na yule akamwambia kwamba yeye huingiza yakiwa moto siku zote, yanaganda haraka. Alikuwa anajua. Alikuwa akiuza kila siku. Hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Basi. Jirani mwenye bucha ndiye aliyetupa namba ya fundi wa tatu. Ni msichana, pengine miaka 26, alisomea chuo cha ufundi na ndiye anayetunza mashine za baridi za bucha kadhaa mjini. Alikuja Jumamosi mchana na begi la mgongoni, akamsalimia Mama kwa mikono miwili, na kabla ya kugusa kompresa akauliza, "Mum, imekuwa ikifanyaje?"

Mama alinitazama mimi kwanza. Halafu akaleta daftari.

Fundi alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye mabakuli mawili alicheka, kicheko cha mtu aliyefurahi, akasema, "Lakini Mum, si ulikuwa umemaliza kazi?"

Hakuizima ipumue. Alitaka kuikuta ikiwa mgonjwa. Tulihamisha kuku wa zamani waliobaki, akachomoa waya ukutani, akafungua skrubu za ukuta wa ndani, na kwa sababu plastiki ilikuwa imeshikwa na barafu akatumia matambara ya maji moto hadi ikaachia. Nyuma yake koili haikuonekana. Palikuwa na ubao mweupe wa barafu, sawasawa kutoka juu hadi chini, kutoka kushoto hadi kulia, kama ukuta uliopakwa plasta na mtu mwenye bidii.

Alinivuta nione. Hiyo "sawasawa" ndiyo habari yenyewe, alisema. Gesi ikipungua, haifiki mwisho wa bomba, hivyo unakuta barafu pale inapoingilia tu, pembeni, mpira wa barafu mahali pamoja na kwingine koili ni kavu. Raba ya mlango ikiwa imechanika, barafu inaota karibu na mlango, kwenye fremu na vitu vya mbele, kwa sababu huko ndiko mvuke unakopenyea. Kimrija cha maji kikiziba, unakuta sahani ya barafu sakafuni mwa friza, laini na ya kung'aa, kwa sababu hayo ni maji yaliyoyeyuka vizuri yakakosa njia. Lakini koili nzima ikivaa koti moja jeupe, gesi iko na inafika kila mahali. Kitu kilichokufa ni kile cha kuivua koti.

Na hapo vitu ni vitatu tu: taima, hita, au themostati ndogo inayobanwa juu ya koili. Taima alijaribu kwanza. Iko chini, ina kitundu cha bisibisi bapa. Alirudisha stima, akaizungusha polepole hadi ikalia ta! Kompresa ikanyamaza. Hiyo ni kusema taima imeingia kwenye zamu ya kuyeyusha na hita inapaswa kuwaka. Tulisubiri. Hita haikuwaka. Akachomoa tena ukutani, akatoa mita. Hita imeandikwa wati 160. Kwa stima yetu ya volti 240, mbili mbili arobaini ukizizidisha na kugawa kwa 160 unapata omu 360. Mita ilisoma 357. Hita nzima.

Ikabaki themostati, kidude cha ukubwa wa kifuniko cha soda chenye nyaya mbili. Ndani yake kuna kipande cha metali mbili zilizobandikwa pamoja. Zikipoa zinajikunja na kuunganisha njia ya stima, zikipata joto zinajikunjua na kuikata, ili hita isije ikapika friza. Maana yake, ukiipima ikiwa kwenye joto la chumba itaonekana mbovu hata kama ni nzima, na ndivyo nyingi hutupwa bure. Hii ilikuwa imekalia barafu, na mita ikasema njia imekatika. Mimi ningeridhika hapo. Yeye akasema anataka uhakika kabla ya kunituma Nairobi.

Akaitisha bakuli na chumvi. Alijaza bakuli barafu iliyotoka kwenye koili yenyewe, akamwagia chumvi nusu pakiti, akakoroga. Barafu peke yake ikiyeyuka haishuki chini ya sifuri, lakini ukitia chumvi inashuka mbali zaidi, vizuri kabisa chini ya kumi hasi. Akaifunga themostati kwenye mfuko wa nailoni, akaizamisha, nyaya zikining'inia nje, tukakaa dakika kumi mezani tukiitazama kama watu wanaosubiri yai lichemke. Mama akaleta chai. Fundi akagusisha mita. Njia bado imekatika.

"Hii imekufa," alisema. "Imekufa zamani."

Nilikwenda Nairobi Jumapili jioni na Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa Luthuli Avenue, kile kidude mfukoni, nikiuliza duka hadi duka. Cha namba hiyohiyo, kinachounganisha kwenye digrii saba hasi, kilikuwa shilingi 700. Nikakituma kwa matatu ya Machakos, mkononi mwa makanga, ndani ya bahasha iliyoandikwa namba ya simu ya Mama. Fundi alikifunga jioni hiyo na kuchukua 2,000 ya kazi. Alimwonya Mama mambo mawili tu: kuku wakishasafishwa wachuruzike maji na kupoa kabisa kabla ya kuingia, na asiwabane hadi kwenye matundu ya hewa ya ukuta wa nyuma, maana hewa isipozunguka utarudi palepale na themostati mpya.

Broka alipiga simu siku ya 40. Alitoa 300 sasa, akasema soko ni baya. Mama alimwambia asante, atamjulisha. Siku ya 41 walichinja, yeye na majirani watatu, kuanzia saa kumi alfajiri. Thelathini na saba wakaenda kwa hoteli na majirani siku hiyohiyo. Sitini wakaingia kwenye friza, kwa awamu, ishirini ishirini kwa siku, ili isilemewe.

Alimpigia fundi wa kwanza. Si kudai pesa, alisema, ila kumwambia. Yule akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole kwamba gesi aliyomtilia ndiyo inayofanya kazi sasa. Zile 13,000 hazijarudi.

Daftari limepata safu mpya. Hita ikiwaka, matone ya kwanza yanayoiangukia hutoa mlio mdogo, shhh, kama kitunguu kikigusa mafuta mbali. Usiku nyumba ikitulia, Mama anausikia akiwa kitandani, na anaandika saa. *Saa tano na dakika ishirini usiku. Saa mbili asubuhi.* Alinisomea kwa simu wiki ya kwanza nzima. Desemba akawa ananisomea bei.

Wawili wa mwisho walinunuliwa tarehe 24, saa kumi na moja jioni, na jamaa wa Nairobi aliyeacha gari likinguruma pale langoni. Aliuliza kama ni wa leo. Mama akamwambia hapana, ni wa barafu, wana mwezi mmoja na siku kadhaa, na bei ni 500 kwa kilo. Alimtazama, akamtazama kuku, mgumu kama jiwe, mweupe, hana doa. Akatoa simu kulipa.